Nyaraka zinasema hivi, programu inafanya vile: nirekebishe ipi?

Kijana mmoja wa Nyegezi kaniandikia, swali lake naliweka kwa kifupi: "Shikamoo kaka. Nimetengeneza programu ya kuandika uzito wa magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, natumia lugha ya programu ya Python na laibrari moja ndogo ya chanzo huria inayohusu vipimo, yaani msimbo (code) ulioandikwa na wengine. Nyaraka zake za rejea zinasema fanksheni ya kukadiria (inayogeuza desimali kuwa namba nzima) inapeleka nusu juu. Sasa kuna mama mmoja mfanyabiashara kanijia na risiti mbili, kwenye moja kilo 43.5 imeandikwa 44, kwenye nyingine kilo 42.5 imeandikwa 42, anauliza mbona leo nusu yake imeliwa. Nimejaribu mwenyewe nikakuta ni kweli. Nataka kuzirekebisha hizo nyaraka ila sijawahi kufanya hiyo kazi, Kiingereza changu cha kuungaunga, na naogopa isije ikawa mimi ndo nimekosea. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hujakosea, na huyo mama hajakosea, ameona kitu ambacho watu wengi wanaoandika programu miaka nenda rudi hawajawahi kukiona. Hiyo laibrari nimeifungua, fanksheni yenyewe ndani inaita tu round() ya Python, na round() ya Python 3 haipeleki nusu juu, namba ikiwa katikati kabisa inaenda kwenye namba shufwa iliyo jirani. Ndo maana 42.5 inakuwa 42 na 43.5 inakuwa 44, maana 42 na 44 zote shufwa. Fungua Python yako andika round(0.5) utapata 0, round(1.5) utapata 2, round(2.5) utapata 2 tena.

Hapa kuna watu watakuambia "ah, hayo ni matatizo ya desimali za kompyuta", usiwasikilize kwenye hili, na ni muhimu uelewe kwanini maana ukienda kuwaambia wenye laibrari hivyo watakurudisha nyumbani. Kompyuta inahifadhi hizi namba kwa mfumo wa mbili, na nusu kwenye mfumo wa mbili inaandikika bila kubaki hata chembe. Kwa hiyo 42.5 iko sawasawa ndani ya kompyuta, hamna kilichopotea, kinachotokea ni kanuni imefuatwa. Tatizo la desimali ni jingine, mfano round(2.675, 2) ambayo watu wanategemea 2.68 halafu inatoka 2.67, hapo ndo kweli 2.675 haiandikiki kamili, inahifadhiwa ikiwa pungufu kidogo sana. Nyaraka za Python zimeyasema yote mawili pale pale kwenye maelezo ya round(), kanuni ya shufwa na mfano wa 2.675, nenda kasome kabla hujaandika chochote kwasababu huo ndo mfano wa nyaraka za rejea zilizoandikwa kwa heshima: sentensi fupi, mifano mitatu, msomaji anaondoka anajua.

Na hiyo kanuni haijawekwa kumkomoa mtu. Chukua magunia manne ya 42.5, 43.5, 44.5 na 45.5, jumla ya kweli ni kilo 176. Ukipeleka nusu juu kila mara unapata 43, 44, 45 na 46, jumla 178, mnunuzi kalipia kilo mbili ambazo hazipo. Kwa kanuni ya shufwa unapata 42, 44, 44 na 46, jumla 176. Kwenye mizigo mingi ile kupanda na kushuka inafutana, ndo maana IEEE 754, kiwango cha hesabu za desimali za kompyuta cha tangu 1985, kimeichukua kama kanuni ya kawaida. Ila mtu aliyeshika risiti moja mkononi haoni jumla ya msimu, anaona gunia lake, na ukifungua Excel ukaandika ROUND(42.5,0) inakupa 43, kwa hiyo siku mhasibu wa ushirika atakapolinganisha jedwali lake na programu yako mtaanza kutuhumiana wizi wakati hamna aliyeiba.

Sasa ule mstari wa nyaraka ulitoka wapi? Nimefuatilia historia ya lile faili na huo mstari ni wa zamani, wa enzi za Python 2, na kwenye Python 2 ulikuwa KWELI. Kule round(42.5) ilikuwa inatoa 43.0. Ilipokuja Python 3.0 mwishoni mwa 2008 kanuni ikabadilishwa kuwa ya shufwa, laibrari nyingi zikahama taratibu, mpaka Python 2 ikaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini hakuna aliyerudi kuugusa ule mstari kwasababu fanksheni haikupiga kelele, haikutoa eri (ujumbe wa kosa), ilianza tu kutoa jibu jingine. Chukulia kibao barabarani kinachokwambia ukifika Kigongo subiri kivuko cha kwenda Busisi. Aliyekisimika hakudanganya mtu, tumesota pale kwenye foleni ya kivuko miaka mingi, ila tangu mwezi wa 6 mwaka 2025 daraja limefunguliwa na magari yanapita juu. Kwa hiyo ukienda kuwaandikia wenye laibrari usiende kwa sauti ya kumkamata mtu, aliyeandika alikuwa sahihi siku aliyoandika na wengi wao wanaifanya hiyo kazi usiku baada ya kibarua chao, bila malipo.

Kabla hujaenda mbele hakikisha jambo dogo ambalo linawaaibisha wengi: nyaraka unazosoma ni za toleo ulilonalo? Andika pip show na jina la laibrari uone toleo, halafu angalia pembeni ya ukurasa wa nyaraka, mara nyingi utakuta latest na stable, ile ya kwanza inajengwa kutoka kwenye msimbo unaoendelea kuandikwa sa hivi na ya pili ni ya toleo lililotoka. Mtu anasoma latest huku kompyuta yake ina toleo la miaka miwili nyuma halafu anasema nyaraka zinadanganya. Kwako nimeangalia, mstari upo kote kote, uko salama.

Haya, sasa tuje kwenye lenyewe, na hapa naomba usome polepole. Wewe umeniambia unataka kurekebisha nyaraka. Umejuaje kama zenye kosa ni nyaraka? Umeona vitu viwili havikubaliani, basi. Nyaraka za rejea ni ahadi, msimbo ni kinachotendeka, na ahadi ikipishana na kinachotendeka huwezi kukimbilia kuibadilisha ahadi ifanane na kilichotendeka. Fundi akikuahidi mlango wa mninga akakuletea wa mti mlaini huchukui kalamu ukafuta "mninga" kwenye makubaliano.

Hili nimelijifunza kwa kuumia. Miaka ya nyuma nilikuwa nafanya kazi ya mahesabu ya kiwanda kimoja hapa Mwanza, nikatumia laibrari ya kusoma majedwali ambayo nyaraka zake zilisema faili likiwa halina safu hata moja unarudishiwa orodha tupu. Mimi nikawa napata eri. Nikaona nimegundua kosa, nikarekebisha nyaraka nikaandika "faili likiwa tupu inatoa eri", nikatuma, wakapokea siku hiyo hiyo, nikafurahi kweli. Kumbe ile eri ndo ilikuwa bagi, yaani kosa la msimbo wenyewe. Toleo lililofuata wakairekebisha, orodha tupu ikarudi kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo, ila mstari wangu ukabaki pale pale unasema kuna eri. Baadae kijana mmoja wa Musoma akausoma, akaandika programu yake inayosubiri eri ili imtumie bosi taarifa kwamba leo faili halikuja, eri haikuja hata siku moja, na ripoti tupu zikawa zinapita kimyakimya wiki nzima kama vile ziwani hamna samaki. Alikuja kuniuliza mimi bila kujua kwamba mstari ule niliuandika mimi. Nilimwambia ukweli na nikaurekebisha usiku ule ule, lakini ile wiki yake haikurudi.

Kwa hiyo siku hizi nikikuta mgongano nauliza kwanza: hapa kilichokusudiwa ni kipi? Kuna mahali pa kuchungulia. Majaribio ya laibrari, yale yanayoendeshwa kila msimbo ukibadilishwa, ndo shahidi mzuri kuliko wote, kama kuna jaribio linalosema wazi 42.5 lazima itoe 42 basi mtu alikaa akaamua, nyaraka ndo zenye kosa. Nimeyasoma ya hiyo laibrari yako: wamejaribu 42.4 na 42.6 tu, nusu kamili hakuna aliyeigusa, kwa hiyo shahidi wetu hajui lolote. Historia nayo inasema, kwenye git, programu inayotunza historia ya msimbo, amri ya git blame inakuonyesha kila mstari uliandikwa lini, na nani na kwenye badiliko lipi, na git log -S ukiipa maneno fulani inakutafutia lini yaliingia au yalitoka, mara nyingine unakuta mtu kaandika kabisa "tumebadilisha kwa makusudi". Kwenu hamna maelezo kama hayo. Halafu angalia na jina la fanksheni, ingekuwa inaitwa kwa jina la "nusu juu" kesi ingekuwa imekwisha, msimbo ndo mkosaji, lakini jina lake linasema kukadiria tu.

Kuna na upande wa watumiaji. Huyu Hyrum Wright, mhandisi wa programu aliyekuwa Google, ana kanuni inayojulikana kwa jina lake, kwamba kitu kikipata watumiaji wa kutosha basi kila tabia yake inayoonekana itakuwa na mtu anayeitegemea, uwe uliiahidi au hukuiahidi. Tangu Python 2 iachwe watu wameshajenga mahesabu yao juu ya hiyo shufwa bila kujua, ukibadilisha msimbo leo unawabadilishia jumla zao usiku wamelala. Mimi kwa maoni yangu nadhani wenye laibrari watachagua kuacha msimbo na kurekebisha nyaraka. Ila ni maoni yangu, uamuzi ni wao, na ndo maana usianze kwa kutuma marekebisho, anza kwa kufungua ripoti ya tatizo (issue) na kuuliza.

Na hapo kwenye Kiingereza ondoa hofu kabisa. Ripoti nzuri ya namna hii haihitaji ufasaha. Andika toleo la laibrari na toleo la Python, nakili sentensi ya nyaraka kama ilivyo, weka mistari miwili ya msimbo na majibu yake, 42.5 na 43.5, halafu swali moja: ipi iliyokusudiwa, niko tayari kurekebisha upande mtakaosema. Hiyo ripoti mtu wa Japani ataielewa na wa Brazil ataielewa, kwasababu mzigo wote umebebwa na zile namba. Nimeona ripoti za watu wenye Kiingereza cha kumwaga, aya sita, na mwisho hujui hata toleo gani anaongelea. Wewe usiombe radhi kwa lugha yako, usiandike "samahani mimi ni mwanafunzi tu", weka ushahidi.

Wakishakujibu kwamba nyaraka zirekebishwe, ndo unaingia kazini. Kosa la kwanza la wageni ni kwenda kuhariri ukurasa wenyewe wa tovuti, wakati kurasa za rejea nyingi za Python zinatengenezwa na Sphinx, programu ya kujenga nyaraka, na Sphinx inachota maelezo kutoka ndani ya msimbo, yale maandishi yanayokaa chini tu ya jina la fanksheni. Ukurasa ni kivuli, nenda kwenye kitu chenyewe. Kisha tafuta kwenye hifadhi nzima ya msimbo wa laibrari kama dai lile lile limerudiwa mahali pengine, mimi nimelikuta na kwenye README, lile faili la utangulizi wa laibrari, ukirekebisha moja ukaacha jingine umetengeneza mgongano mpya kati ya nyaraka na nyaraka, ambao ni mbaya kuliko ule wa kwanza.

Sentensi yenyewe mimi ningeiandika hivi, we utaipeleka kwenye Kiingereza: "Hukadiria hadi namba nzima iliyo karibu zaidi. Thamani ikiwa katikati kabisa ya namba mbili, huchagua iliyo shufwa: 42.5 inakuwa 42, 43.5 inakuwa 44." Basi. Najua una hamu ya kueleza yale ya magunia manne na IEEE na Excel, na ni maelezo mazuri, ila mahali pake si hapo. Mtu anayefungua rejea yuko katikati ya kazi, ana swali moja, anataka jibu aondoke. Yale mengine waombe uyaandike kwenye ukurasa wa maelezo, ukiwa na kiungo. Chini yake weka alama ya Sphinx inayoitwa versionchanged useme tangu toleo lipi tabia imekuwa hivi, ili mwenye programu ya zamani ajue kwanini majibu yake yalibadilika. Na uwe makini na neno "juu" kama wataamua kinyume, yaani wabadilishe msimbo upeleke nusu juu, maana -2.5 kwenda juu ni -2 au -3? JavaScript kwenye Math.round inakupa -2, wakati ROUND_HALF_UP ya moduli ya decimal ya Python inakupa -3 kwasababu wenyewe wanamaanisha mbali na sifuri. Gunia haliwezi kuwa na uzito hasi, lakini marejesho na makato yanaweza, kwa hiyo sentensi lazima iseme.

Jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye kazi hii: ile mifano miwili iandike kwa mtindo wa kuandika kwenye Python moja kwa moja, na ile mishale mitatu >>> mbele, halafu endesha python -m doctest kwenye lile faili. Doctest inasoma mifano iliyo ndani ya nyaraka, inaifanya kweli, na kama jibu halifanani na ulichoandika inakwambia. Mfano ule kama ungekuwepo tangu enzi za Python 2 ungepiga kelele siku ya kwanza ya kuhama, na wewe na mama wa Mwaloni msingekuwa na hii habari. Kama laibrari haiendeshi doctest kwenye majaribio yake, waulize kama unaweza kuiwasha kwa faili hilo moja, na hapo hapo ongeza jaribio la kawaida la 42.5 na 43.5 ili siku nyingine shahidi awe anajua.

Ombi lako la marekebisho (pull request) liwe na hilo tu. Utaona makosa ya tahajia pembeni, utaona mfano mbovu kwenye fanksheni ya jirani, yaache, yatengenezee ombi lake. Anayekagua akiona mistari minne anaipitisha akiwa anakunywa chai, akiona mafaili kumi na moja anasema nitaangalia wikiendi na wikiendi haifiki. Wakikaa kimya subiri kama wiki mbili, wakumbushe mara moja kwa upole. Wakisema sentensi ibadilishwe maneno, badilisha, sentensi ni yao sio yako.

Wakati unasubiri usiiache programu yako inaendelea kuwakadiria watu hivyo hivyo. Tumia ile moduli ya decimal, na uzito uingize kama maandishi, Decimal('42.5'), usipitishe kwanza kwenye desimali ya kawaida. Halafu kaa na wenye mizigo muulizane wanataka kanuni gani, na ukiniuliza mimi nitasema kwenye uzito usikadirie kabisa, mzani unasoma nusu kilo basi andika nusu kilo, kadiria mwishoni kwenye shilingi. Na kama ulihifadhi ule uzito wa mzani kabla ya kukadiria, pitia siku zote tangu programu ianze, kuna magunia ya mama yaliyopungukiwa nusu na kuna yaliyozidishiwa nusu, mpelekee hesabu yote ikiwa imeandikwa, ya kumdai na ya kumlipa, kabla hujatuma hata hiyo ripoti.